Vitufe Vilivyopotea Siku ya Malori ya Bisil

Mkiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile, nitawaambia ukweli: nilikuwa natafuta vitufe. Nazungumzia vitufe vya kwenye kompyuta, vile vidogo vyenye picha ya printa au ya darubini, ambavyo zamani vilipangwa kwenye mstari mmoja juu ya skrini. Sisi wa kazi tuliuita mstari huo toolbar. Walimu wa Kiswahili wakatuambia ni upau wa zana. Nitauita upau tu, tusichoshane.

Nyinyi watoto wangu mmekulia kwenye simu. Kitu kikipotea unafuta programu, unaiweka tena, unaendelea na maisha yako. Sisi hatukuwa na bahati hiyo. Programu ya kutunza data, hifadhidata kama mnavyofundishwa shuleni, iliundwa na mtu mmoja kwa ajili ya ofisi moja. Mtu huyo alitengeneza upau wake mwenyewe na kuupa vitufe alivyovitaka yeye: cha kuandikisha, cha kutafuta, cha kufuta, cha kuchapisha. Akishaweka vyake, alivificha vile vya kawaida vilivyokuja na programu, ili makarani wasiguse wasichokijua. Kisha alichukua mkoba wake akaenda zake. Siku upau wake ulipokataa kuonekana, data ilikuwa palepale, kompyuta inawaka, karani ameketi, na hakuna njia ya kufanya kitu chochote. Ndipo nilipoitwa.

Nilikuwa nimepanga Kitengela na mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Sisi ni watu wa Bungoma, tulifuata kazi tu. Wateja wangu walianzia pale Kitengela, wakapita Isinya na Kajiado, wakaishia Namanga kwa mawakala wa forodha. Wengi waliniita Mama Nekesa. Wenye haraka waliniita madam.

Aliyenifundisha kazi ni mzee aliyeitwa Barasa, fundi wa taipureta aliyehamia kompyuta mvi zikiwa zimeshamjaa kichwani. Barasa alikuwa na sheria moja. Akifika kwa mteja aliketi, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia. Halafu aliuliza, "Nini imebadilika?" Hakuitoa mikono hadi apate jibu. Aliniambia kompyuta haiamki asubuhi ikaamua kuficha kitu, lazima kuna mtu aliyefanya jambo fulani. Nilimcheka mwanzoni, nikidhani ni vituko vya uzee. Baadaye nilijikuta nami nimeikalia mikono yangu kwenye ofisi za watu, na makarani wananitazama kama mgonjwa.

Shida ya sheria ya Barasa ni kwamba watu hujibu, "Hakuna." Hujibu hivyo kila mara. Kulikuwa na mama pale Kitengela mwenye duka la dawa za mifugo. Upau wake ulikuwa umetoweka, na alituapia kwamba hakuna aliyegusa chochote. Barasa alikalia mikono hadi ikafa ganzi. Mwishowe mama akasema, kana kwamba ni jambo lisilohusika, "Ni vile tu niliifunga hiyo kitu. Ilikuwa inakaa kwa uso ya ng'ombe." Aliyemtengenezea programu alikuwa ameweka picha ya ng'ombe nyuma ya fomu, na upau ulikuwa ukielea juu ya pua yake. Mama alimpenda ng'ombe yule. Tuliurudisha upau, tukausukuma hadi miguuni pa ng'ombe, akaturuhusu.

Kule Namanga ilikuwa kinyume. Upau ulionekana vizuri karani anapoandika mizigo, lakini akitaka kuiangalia hati kabla ya kuichapisha, unapotea. Wakawa wanachapisha bila kuona, karatasi zinajaa sakafuni. Nilikaa pale siku nzima kabla ya kuelewa kwamba kila dirisha la programu ile lilikuwa na upau wake, na dirisha la kuangalia hati halikuwa limeambiwa litumie upau gani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchagua jina moja kwenye orodha. Mawakala walinitazama kama mtu aliyewapotezea mchana mzima kwa kitu cha dakika. Walikuwa na haki.

Kwa hiyo nilijifunza. Uliza kama upau haupo kote au kwenye dirisha moja tu. Angalia kama kuna mtu aliyeufunga. Kama mtengenezaji amefunga menyu zote, bonyeza Shift unapofungua faili, mara nyingine utapita vizuizi vyake. Tazama kingo za skrini, maana upau unaweza kusimama wima ukafanana na pambo. Elimu hiyo niliipata kwa miaka, na leo haina faida kwa mtu yeyote. Kampuni kubwa ilitoa toleo jipya, upau wa zamani ukaondolewa, vitufe vya watu vikatupwa vyote kwenye kona moja ambayo hakuna aliyeijua. Nilifungua kompyuta ya mteja asubuhi moja nikajiona mgeni kwenye kazi yangu mwenyewe. Nililia chooni, nawaambieni wazi. Mtu asiwadanganye kwamba mkijua kitu kimoja vizuri mmepona.

Lakini sikuketi kuandika kwa sababu ya hayo. Naandika kwa sababu ya Sintamei.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Hata sisi wa nyumba za kupanga tuliujua, kwa sababu ng'ombe walikuja Kitengela kula nyasi za kando ya barabara, wakaingia hadi kwenye maua ya watu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwafukuza. Huko Bisil, njiani kwenda Namanga, na zaidi ya hapo, hata nyasi za kando ya barabara hazikuwepo.

Kulikuwa na shirika la misaada lenye ofisi Kajiado mjini. Silitaji jina, na lilishafungwa. Lilikuwa na mpango wa kununua ng'ombe dhaifu kutoka kwa wafugaji kabla hawajafa. Ng'ombe walichinjwa, nyama ikapelekwa mashuleni, na familia ikabaki na kitu cha kuanzia mvua ikirudi. Mpango ulikuwa mzuri, na ulikuwa na masharti mawili. La kwanza, kila familia iwe na kadi yenye namba, iliyochapishwa na kompyuta. La pili, ng'ombe apande lori kwa miguu yake mwenyewe. Aliyelala chini hanunuliwi, kwa sababu mzoga haupelekwi shuleni.

Sintamei alikuwa karani wa data katika ofisi hiyo. Alizaliwa Bisil, akamaliza kidato cha nne, akasomea kompyuta Kitengela. Yeye ndiye aliyeandikisha familia zote, akienda boma hadi boma, kisha akaketi kuziingiza. Moja ya familia hizo ilikuwa ya baba yake, Mzee Parsaloi. Mzee alikuwa na zizi la kuonewa wivu miaka ya nyuma. Sasa alibaki na ng'ombe wanne, na kila asubuhi majirani walikuja kumsaidia kuwainua, mmoja akishika mkia, wengine pembe na tumbo, kwa sababu ng'ombe dhaifu akilala usiku hawezi kusimama peke yake. Sintamei aliniambia hayo siku za nyuma alipopita kwangu Kitengela, bila kuombwa, akiwa anakunywa chai. Alisema, "Baba anasema hizi nne zikipanda lori, atanunua mbuzi. Anaanza tena."

Orodha ya familia za Bisil ilipitishwa Nairobi, na asubuhi iliyofuata malori yalitangulia. Watu walikuwa wameambiwa walete ng'ombe alfajiri, kadi zitafuata. Sintamei alifungua kompyuta ili achapishe. Upau haukuwepo.

Alinipigia simu. "Madam, vitufe zote zimepotea. Malori ziko Bisil, watu wako Bisil, baba yangu pia ako huko. Tafadhali, kuja tu hivyo ulivyo."

Nilikwenda hivyo nilivyokuwa, na viatu vya ofisini. Nilikuwa nimehudumia ofisi ile kwa simu tu. Ndani sikuwahi kuingia. Nilimkuta Sintamei amesimama kando ya meza yake kama mtu anayelinda maiti. Niliketi, nikakalia mikono yangu.

"Nini imebadilika?"

"Hakuna, madam."

"Kuna mtu ameguza hii mashine jana?"

"Hakuna."

Aliposema hivyo alitazama mlango wa mkubwa wa ofisi. Nilifikiri anaangalia saa iliyotundikwa juu yake. Nikatoa mikono, nikaanza kazi.

Mtengenezaji wa programu ile alikuwa kijana wa Nairobi, mjuzi kweli. Alikuwa amefunga kila kitu. Menyu za kawaida hazikuwepo, kubofya upande wa kulia hakukufanya lolote, hata Shift alikuwa ameizima. Simu yake haikupatikana. Nilifungua faili lile kupitia kompyuta ya mhasibu, chumba cha pili, na huko pia upau haukuonekana. Hapo nikaamini ni faili lenyewe limeharibika. Nikaanza kulikarabati, ule ukarabati wa kuliminya na kulipanga upya, ambao unaketi unautazama na huwezi kufanya jambo jingine.

Simu ya Sintamei ikalia. Aliyepiga alikuwa mwenye duka moja pale Bisil, jamaa yao. Waliongea Kimaasai kwa kifupi. Alipokata akaniambia, "Anasema zote zimesimama bado. Lakini jua imekuwa kali."

Ukarabati ukaisha, upau haukurudi. Nikajua hatuwezi kuendelea kungoja mashine. Niliamua kwenda kwa mkubwa kumwomba ruhusa tuandike kadi kwa mkono, yeye atie sahihi, gari liondoke.

Mkubwa alikuwa na wageni. Walikuwa wametoka Nairobi kwa niaba ya wafadhili, watu watatu wapole, wanakunywa chai na kutazama grafu ya rangi kwenye kompyuta yake. Nilieleza shida yangu. Akaniambia, kwa adabu, kwamba kadi za mkono haziwezekani, zilikataliwa tangu watu walipozighushi katika mpango wa kwanza. Alikuwa anasema kweli. Nikawa nageuka kutoka, na ndipo nilipoiona skrini yake vizuri.

Ilikuwa skrini kubwa, mpya. Chini ya kioo, kwenye ukingo, ilikuwa imebandikwa mkanda wa shanga kama zile bangili za majina zinazouzwa Namanga. Shanga nyeupe juu ya nyekundu, zimeandika SINTAMEI.

Hapo nikaelewa. Upau ule haukuwa umeharibika. Ulikuwa ukielea mwisho kabisa wa upande wa kulia, mahali ulipowekwa kwenye skrini kubwa, na programu ilikumbuka mahali pale. Kwenye skrini ndogo mahali pale hapakuwepo. Vitufe vilikuwa hewani, nje ya ukingo, na skrini ya mhasibu nayo ilikuwa ndogo vilevile. Asubuhi nzima nilikuwa natibu faili zima.

"Mkubwa, samahani," nikasema. "Hiyo skrini imetoka kwa meza ya Sintamei?"

"Ni ya ofisi, Mama Nekesa. Niliichukua jana jioni. Wageni hawawezi kuangalia grafu kwa ile ndogo."

"Naomba tuirudishe kidogo tu. Bila hiyo hatuoni vitufe."

Akacheka, si kwa ubaya. "Vitufe ziko ndani ya kompyuta. Skrini ni ya kuangalia tu."

"Ndiyo, mkubwa, lakini ile ndogo haifiki pale viko. Na ng'ombe wamengoja Bisil tangu alfajiri."

Mgeni mmoja alitikisa kichwa kwa huruma, akasema ndiyo maana wamekuja. Mkubwa akaniangalia kwa yale macho ya kusema usiniaibishe. "Wageni kwanza, mama. Wakimaliza chai, utachukua."

Nyinyi mtaniuliza kwa nini sikuing'oa. Mmezaliwa wakati mwingine. Kwetu mgeni akiwa ameketi na kikombe mkononi, hakuna anayeondoa hata kiti kitupu kando yake, sembuse kitu anachokitazama. Na kitu kizuri kikiingia ofisini kinapanda hadi kwa mkubwa, halafu kile chake cha zamani kinashuka kwa karani. Ilikuwa hivyo kwa meza, kwa feni, kwa vikombe, na hakuna aliyewahi kuuona utaratibu huo kama wizi. Hata mkubwa yule hakuwa mtu mbaya. Angejua, nafikiri angeibeba skrini mwenyewe. Lakini hakujua, na hapakuwa na mtu wa kumjulisha isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeongea lugha asiyoielewa.

Nilirudi kwa Sintamei. "Kwa nini hukuniambia wamebadilisha skrini?"

"Madam, uliuliza kama mtu ameguza mashine. Mashine ni ile ile." Akainama. "Na ningesema aje? Niseme mkubwa amechukua kitu yangu? Hata si yangu."

Sikumkasirikia. Nilikasirikia chai. Nilikasirikia yule kijana wa Nairobi aliyefunga kila mlango, na Barasa na swali lake, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kwamba swali lile halina maana palipo na mkubwa.

Nilijaribu kuipa skrini ndogo picha pana zaidi, ikawa giza tupu. Nikakumbuka kuna njia ya kuufikia upau kwa kibodi bila kuuona, ukiruka kitufe hadi kitufe kwa mishale. Nikamuuliza Sintamei vimepangwaje. Akafumba macho avikumbuke. "Ya kuprint iko mwisho-mwisho. Imefuatana na ya kufuta."

"Ya kufuta inauliza kwanza?"

"Haiulizi."

Nikatengeneza nakala ya faili, tukajaribu juu ya nakala. Mara ya kwanza tulizifuta familia zote za Bisil kwa kubonyeza mara moja. Zilitoweka kwenye skrini, jina kwa jina, hadi jina la Mzee Parsaloi. Ilikuwa nakala tu, lakini Sintamei alitoa sauti kama mtu aliyechomwa. Mara ya pili kompyuta iliganda. Simu ikalia tena. Alisikiliza, akaiweka mezani.

"Moja imelala," akasema. Kisha akanishika mkono uliokuwa kwenye kibodi. "Madam, wacha. Tungoje wageni."

Tukangoja wageni. Katika kazi yangu yote sikuwahi kungoja kama nilivyongoja siku ile. Tulisikia vijiko, tukasikia kicheko, tukasikia wakipigwa picha ukutani. Wakatoka, wakatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, wakamwambia Sintamei anafanya kazi muhimu sana. Akawaambia asante.

Tuliibeba skrini sisi wawili, waya zinaburuta. Nilipoiwasha, upau ulikuwa pale mwisho wa kulia, vitufe vyote, safi, kana kwamba haukuwahi kwenda popote. Sintamei alibonyeza. Printa ikaanza kulia. Kadi zikatoka moja baada ya moja, na nilitamani kuzivuta kwa meno.

Tuliingia gari la ofisi, mimi nikiwa sina kazi huko, lakini sikuweza kubaki. Jua lilikuwa limeshavuka upande wa pili tulipofika Bisil. Malori yalikuwa yamepangwa kando ya uwanja wa mnada, ngazi za mbao zimeteremshwa, na watu wameketi kwenye vivuli vya malori hayo, kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine. Tuligawa kadi kwa kuita majina. Kuna waliobahatika. Ng'ombe wao walipanda wakitetemeka, na wenyewe walitazama pembeni wasiwaone wakiingia. Wengine hawakubahatika.

Ng'ombe wa Mzee Parsaloi walikuwa wamelala wote wanne nyuma ya lori la mwisho. Mmoja alikuwa ameshakufa. Mzee alikuwa amemfunika macho kwa shuka yake, sijui kwa nini, inzi labda. Aliniona, akasimama, akanisalimia Kimaasai, kama inavyopasa.

"Takwenya."

"Iko," nikajibu. 

Wanaume wakaja kusaidia kuinua. Nami nilishika mkia na viatu vyangu vya ofisini, hakuna aliyenikataza. Nilishangaa jinsi ng'ombe aliyebaki mifupa anavyoweza kuwa mzito. Wawili hawakuinuka kabisa. Mmoja, jike jeusi, alisimama. Akatembea hadi kwenye ngazi, akaweka miguu ya mbele juu ya ubao, na tukaanza kumsukuma kwa viganja, polepole, Sintamei akimsemesha kwa Kimaasai karibu na sikio. Katikati ya ngazi magoti yakakunjika. Akateleza kando, akaanguka chini, na hakujaribu tena.

Msimamizi wa lori alikuwa kijana kama nyinyi. Aliangalia chini. "Pole, mzee. Mimi siwezi. Sheria si yangu."

Sintamei alikuwa bado ameshika kadi ya baba yake. Mzee akanyoosha mkono, akaomba asomewe. Sintamei akasoma jina, akasoma kijiji, akasoma idadi ya ng'ombe.

"Iko sawa," mzee akasema. "Zilikuwa nne."

Nilitaka atutukane. Ningelala usingizi kama angetutukana. Aliuliza tu ile kitu iliyopotea ilipatikana wapi, na mimi, fundi mzima, nikaanza kumweleza habari za skrini kubwa na skrini ndogo, nikasikia maneno yangu yalivyo, nikanyamaza. 

Ndipo Sintamei akamwambia jambo kwa Kimaasai, kwa haraka, akilia. Sikuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa amevua kile kitambulisho cha ofisi kilichokuwa shingoni mwake. Mzee akakichukua mkononi mwake, akaitazama picha yake, akamvisha tena bintiye. Alimjibu kwa Kiswahili. Nafikiri alitaka nami nisikie, ili niwe shahidi.

"Rudi kazi, Sintamei. Ng'ombe imeisha. Sasa sisi tuko na wewe tu."

Nimewaandikia vijana wa kazi hii mambo mengi katika maisha yangu, jinsi ya kufungua hiki na kufunga kile. Juu ya siku ile sina ushauri. Nimeugeuza kila upande. Kila mtu alifanya kama alivyofundishwa, mimi pia, na ng'ombe walikufa.

Jumatatu iliyofuata nilipita Kajiado kumalizia kazi. Skrini kubwa ilikuwa imesharudi kwa mkubwa, bila mkanda wa shanga. Sintamei alikuwa ameketi mbele ya ile ndogo, nywele amezibana, kitambulisho shingoni. Siku ile ya malori, kabla hatujaondoka kwenda Bisil, skrini kubwa ikiwa bado mezani pake, nilikuwa nimeuvuta upau ukakaa kushoto kabisa, pale ambapo hata skrini ndogo inafika. Alikuwa anaandikisha familia za lokesheni nyingine. Nilimuuliza kama kuna shida yoyote.

"Hakuna, madam," akasema, akiendelea kuandika. "Kila kitu inaonekana."